Mnong'ono wa Mama Chekeche

Siku mfunga magunia alipompungia mkono badala ya kumwita, Mama Chekeche alijua kwamba siri yake imetoka.

Walikuwa kazini, unga umewajaa hadi kwenye nyusi. Yeye ndiye aliyekuwa msagaji: humimina nafaka kwenye mdomo wa mashine, huiongeza na kuipunguza, huamua chekeche lipi liwekwe, na jina lake la utani alilipata humohumo. Mfunga magunia, mwanamume wa makamo mwenye maneno ya kuhesabika, alikaa upande wa chini akipokea unga na kushona midomo ya magunia. Miaka yote alikuwa akipaza sauti kuushinda mngurumo, "Mama, mkanda!" na Mama Chekeche alikuwa akiinua kidole kabla hajamaliza, maana mkanda ukianza kuteleza hulia kama paka aliyekanyagwa mkia, na sikio lake lilikuwa la kwanza kuusikia. Asubuhi hiyo hakuita. Aliinuka, akazunguka mpaka mbele ya macho yake, akapunga mkono, akaonyesha mkanda kwa kidole, kisha akarudi mahali pake bila kumtazama usoni.

Mwenye masikio mazima hapungiwi mkono.

Alizima mota, akakaza mkanda, akawasha tena. Mikono ilikuwa ikitenda, lakini moyo ulikuwa umekwenda mbio. Kajuaje huyu?

Ukweli ni kwamba masikio yake yalikuwa yanakufa. Yalianza kufa kidogokidogo, kama taa inayoishiwa mafuta, na hakuna aliyejua, kwa kuwa alikuwa amejifunza kusaga kwa kiganja. Aliweka mkono wa kushoto ubavuni mwa mashine, na mtetemo ukamwambia kama tumbo lake limejaa au linazunguka tupu. Watu nao aliwatazama midomo. Ila mwenye mashine alikuwa na msemo wake aliopenda kuurudia: "Msagaji ni sikio. Mengine yote ni vumbi." Msagaji wa kabla yake aliondolewa kwa sababu hakusikia kipande cha chuma kikigongagonga ndani, na aliondolewa siku hiyohiyo, hata aproni hakuivua. Mama Chekeche alikuwa mjane. Kazi ile ndiyo iliyompa chumba, ndiyo iliyompa heshima, na ndiyo iliyomtoa kitandani kila asubuhi tangu mumewe azikwe.

Siri hiyo alikuwa ameipeleka sehemu mbili tu: kwa Mungu na kwa wifi yake. Mungu hana tabia ya kusengenya. Akabaki wifi.

Wifi alikuwa dada wa marehemu, msusi, mwenye chumba chake cha kusukia mtaa wa pili. Ndiye aliyemwinua baada ya msiba. Alipomkuta amelala mchana, mapazia yamefungwa, sufuria zimeota ukungu, hakumhubiria. Aliziosha sufuria kwanza, ndipo akampeleka kwenye kikundi cha maombi. Huko Mama Chekeche alikutana na Bwana kwa namna ambayo hakuitazamia. Aliwahi kumuuliza mchungaji mtu kama yeye afanye nini kanisani. Kuimba alishindwa, kusoma kulimpa shida, na kusimama mbele za watu aliogopa. Mchungaji alimwambia kuna kazi ambayo wengi hawaitaki kwa sababu haionekani: kuwataja watu wengine mbele za Mungu, mmoja mmoja, bila kuchoka. Mama Chekeche akaishika kazi hiyo kama alivyoishika mashine. Kila alfajiri alipiga magoti chumbani mwake, uso ukielekea ukuta, akawaombea wapangaji wa nyumba nzima, mlango kwa mlango. Kikundini walisali wote kwa pamoja kwa sauti kubwa, kila mtu na lake, ukumbi ukivuma kama mzinga. Chumbani kwake, kwa kuwaheshimu majirani, alinong'ona tu.

Ndiyo maana jambo hili lilimuuma. Mtu aliyemfundisha kusali ndiye huyohuyo aliyemwanika. Na penye chumba cha kusukia pana midomo mingi. Mteja anakaa saa nyingi, shingo imeinama, na ulimi ndio pekee ulio huru. Siri ya mtungi aijuaye ni kata, alijisemea, na kata yenyewe ina tundu.

Tangu hapo alianza kuona mambo. Bombani alipofika, wanawake walikatisha mazungumzo, kisha mama wa chumba cha mbele, aliyependa kujua mambo ya watu kuliko ya kwake, alimpa pole ya goti. Goti lake lilikuwa linauma kweli, lakini hakukumbuka kumwambia mtu, hata wifi. Aliliwaza hilo njia nzima, ndoo kichwani, na jibu akalipata: wifi ana macho, ameona anavyochechemea.

Siku nyingine alirudi kutoka kazini akakuta mlango wake haukokoti tena sakafuni. Ulikuwa umelegea miezi mingi, na alikwisha kuuzoea. Sasa uliteleza kama umepakwa siagi. Bawaba zilikuwa na mafuta mapya na skrubu mpya zilizong'aa. Mtu mwingine angeshukuru. Mama Chekeche alisimama pale kizingitini akihesabu vitu vyake kwa macho: kitanda, sanduku, Biblia, picha ya marehemu. Hakuna kilichopungua. Hilo likamtisha zaidi. Mwizi anajulikana anachotaka. Je, mtu anayekuja kukutengenezea mlango bila kuitwa anataka nini? Ameshaonyesha kwamba anaweza kuufungua.

Akaamua kutega mtego. Alimwalika wifi, wakanywa chai, akamnong'oneza kwamba ameposwa na yule seremala wa karibu na shule, amemkubalia, ila asimwambie mtu. Seremala mwenyewe hakuwa na habari. Wifi alifurahi hadi machozi yakamlenga, akamkumbatia, akasema hata marehemu kaka yake angeridhia. Mama Chekeche alimtazama akitoka na kuwaza: lia tu, mama, tutaonana.

Usingizi wake siku hiyo haukuwa mzuri. Alfajiri alitubu kwa Mungu kwa ule uongo, akamweleza kwa kirefu kwamba haukuwa na nia mbaya, ulikuwa mtego tu. Kisha akaenda kuchota maji.

Mtego ukafyatuka palepale bombani. Mama wa chumba cha mbele aliinua ndoo yake, akamgeukia, na midomo yake ikasema wazi kabisa: "Hongera kwa harusi isiyo na bwana harusi." Wengine waliangua kicheko. Mmoja alimwagikiwa maji miguuni asijali.

Mama Chekeche hakusubiri hata ndoo ijae. Aliiacha bombani, akaenda moja kwa moja kwa msusi. Wateja walikuwa wawili, mmoja ameshasukwa nusu kichwa.

"Wifi," alisema, na aliona watu wanashtuka, kumbe alikuwa anapiga kelele, "nilidhani nimepata ndugu. Kikulacho ki nguoni mwako. Umenishonea nguo ya siri zangu ukaivaa sokoni."

Wifi aliuliza kuna nini. Alipoambiwa habari ya masikio, ya harusi, ya goti, alibaki ameshika chanuo hewani. Alisema hajafungua kinywa chake kwa mtu. Mama Chekeche akasema basi ni shetani aliyekuja kwake kusuka nywele. Wateja hawakujua watazame wapi. Wifi aligeuka, akaendelea kusuka, na machozi yakamdondokea yule mteja kichwani.

Kuanzia siku hiyo Mama Chekeche hakwenda kikundini. Na alfajiri, alipopiga magoti, ulimi ulimkauka. Alijaribu kuanza na mlango wa kwanza, mlango wa mama wa chumba cha mbele, akaona kile kicheko. Alijaribu mlango wa pili, akaona mkono wa mfunga magunia ukipunga, maana naye alipanga katika nyumba hiyohiyo. Atawaombeaje watu ambao wote wanamjua ndani na nje, naye hajui walimjuaje? Akainuka bila kusema neno. Kesho yake ikawa hivyohivyo. Siku ya tatu hakupiga magoti kabisa.

Hapo ndipo alipogundua kilichokuwa kikimbeba. Alikuwa akidhani ni kazi inayomtoa kitandani. Sasa kazi ilikuwa palepale naye alitoka kitandani kama gunia linaloburutwa. Kiganja nacho kilipoteza akili. Aliuweka mkono ubavuni mwa mashine asisikie chochote, kwa kuwa mawazo yalikuwa kwa wifi, bombani, mlangoni. Mkanda ukateleza, ukalia, ukaanza kutoa moshi. Alichoona ni mfunga magunia akimpita mbio kwenda kuzima mota. Harufu ya mpira ulioungua ilijaa chumba kizima, na mwenye mashine akaingia, ameshika miwani yake mkononi. Hakugomba. Alimwambia wataongea kesho Jumapili, baada ya ibada.

Jioni hiyo Mama Chekeche alikaa kitandani, hajavua hata kitambaa chake cha kichwa chenye unga. Aliona kitasa kinacheza. Alifungua akiwa ameshika mwiko.

Alikuwa jirani wa ukuta mmoja, mzee aliyeitwa Fundi Saa. Aliishi peke yake, mwenye maneno makali, na zamani alikuwa na kibanda cha kutengeneza saa. Alisema amebisha mpaka vidole vimeuma. Aliutazama ule mwiko, akarudi nyuma hatua moja.

"Nimekuja kuuliza," alisema, taratibu, uso wake kwenye mwanga, "umegombana na Mungu au umehama dini?"

"Kwa nini unaniuliza hivyo, mzee?"

"Asubuhi hizi kimya. Tumezoea kuamshwa. Sasa nyumba nzima tunachelewa kazini."

"Kuamshwa na nani? Mimi husali kwa kunong'ona."

Fundi Saa alimtazama kama mtu anayetazama saa inayosema ni adhuhuri na jua limeshazama.

"Mama," alisema, "huo mnong'ono wako, mbwa wa mtaa wa pili anaujibu."

Mama Chekeche aliuteremsha mwiko. Mwanzoni hakuelewa. Kisha akaelewa yote kwa mara moja, kama mtu aliyefunguliwa mlango wa tanuri usoni. Masikio yalikuwa yanakufa, na kila yalipokufa kidogo, sauti yake ya maombi ilimfifia. Na kila ilipomfifia, aliinua kidogo, mpaka ajisikie. Kwake uliendelea kuwa mnong'ono uleule. Upande wa pili wa ukuta ulikuwa tangazo.

Aliketi kwenye kizingiti, akauliza kama walisikia habari ya masikio.

Walisikia. Ya goti? Walisikia. Na mlango unaokokota? "Ulimwambia Mungu unakuvunja mgongo," alisema Fundi Saa. "Nilidhani unanisema mimi, maana ni mimi mwenye bisibisi."

"Na harusi?"

Hapo mzee alicheka mpaka akashika ukuta. Alisema Mama Chekeche aliomba msamaha kwa uongo ule kwa kirefu sana, akamtaja seremala kwa kazi yake na mtaa wake, akamweleza Mungu jinsi wifi atakavyonasa. Wapangaji walikuwa wanakunywa chai. Mfunga magunia chai ilimpalia, wakampiga mgongoni.

Mama Chekeche alifunika uso kwa mikono. Alikuwa anapekua kumbukumbu, mlango kwa mlango. Alikuwa amemwombea mama wa chumba cha mbele Mungu amfunge ulimi walau siku za kazi. Alikuwa amemwombea mfunga magunia aache pombe, na akataja hata kilabu. Aliuliza kuhusu huyo kwa sauti ndogo, au aliyodhani ni ndogo.

"Alikasirika," alisema Fundi Saa. "Akahamisha kitanda chake upande wa pili wa chumba ili asisikie. Wiki haikuisha akakirudisha."

"Na wewe? Wewe nilikusema…"

"Ulimwambia Mungu nina ulimi wa shubiri. Nilitaka kuja na fimbo." Aliitazama mikono yake. Ilikuwa ikitetemeka, hata sasa, kama majani kwenye upepo mdogo. Alieleza kwamba ilipoanza hivyo alifunga kibanda, kwa sababu saa haivumilii mkono wa namna hiyo, akajilaza akingoja siku zake ziishe zenyewe. Hakuona aamkie nini. "Halafu kila alfajiri mwanamke ambaye hata salamu yake siitikii vizuri anamsumbua Mungu kwa ajili yangu. 'Mpe kazi ambayo mkono wake utaiweza, Bwana.' Kila siku hilohilo, huchoki. Nikaona utaonekana mwongo mbele ya Mungu wako. Nikaamka. Nikaanza na bawaba za mlango wako, maana bawaba haijali mkono kutetemeka. Sasa natengeneza milango ya mtaa mzima. Hata kanisani kwenu nimeitwa, na nilikuwa nimeapa nisingekanyaga tena."

"Kwa nini hakuna aliyeniambia?"

"Ungenyamaza," alisema Fundi Saa. "Nani angekuwa mjinga hivyo?"

Kesho yake, baada ya ibada, Mama Chekeche alikwenda kwanza kwa wifi. Wateja walikuwapo, na alishukuru kwamba walikuwapo, kwa kuwa alimtukana mbele za watu na mbele za watu ndiko alikopaswa kumwomba radhi. Alisimama katikati ya chumba, akasema kosa lake lote, pamoja na mtego, pamoja na seremala. Aliposema kwamba mtoboa siri alikuwa yeye mwenyewe, alfajiri, akiwa amepiga magoti, mteja mmoja alijikaza asicheke, akashindwa.

Wifi hakucheka. Alimaliza msuko aliokuwa nao mkononi, akafunga ncha. Kisha akavuta kiti.

"Kaa hapo," alisema. "Kichwa hicho utafikiri umetoka kupigana na mashine."

Alimfungua kitambaa, akaanza kuchana, akitoa unga. Alikuwa nyuma yake, lakini kabla ya kusema neno aligeuza kioo cha ukutani mpaka midomo yake ikaonekana ndani yake. Mama Chekeche alikiona kitendo hicho. Kumbe ndivyo alivyokuwa akifanya kila alipomsuka, miezi yote hii. Wifi alikuwa ameibeba siri ile kwa uangalifu kuliko mwenye siri, na hakuwahi kudai shukrani.

"Nilikasirika," kilisema kioo. "Bado nimekasirika kidogo. Kilichoniuma zaidi, nilishaanza kutafuta kitambaa cha harusi."

Akiwa amesukwa nusu, alikwenda kwa mwenye mashine. Asingengoja nusu ya pili. Alihofia nguvu ile ingempungukia. Alimwambia kwa kinywa chake kwamba masikio yake hayafai tena, kwamba amekuwa akisaga kwa kiganja, na kwamba mkanda uliungua kwa kosa lake. Mwenye mashine alifuta miwani yake muda mrefu. Alisema msagaji ni sikio. Mama Chekeche akasema ni kweli, basi mashine apewe mwenye sikio, yeye apewe sindano ya magunia.

Ndivyo ilivyokuwa. Mfunga magunia alipanda juu, naye akashuka chini. Si kwamba haikumuuma. Siku ya kwanza alipokaa kwenye kile kigoda cha chini, unga ukimwangukia kichwani kutoka kwa mkono wa mtu mwingine, alimeza mate machungu. Lakini alishangaa kuona kwamba bado amesimama wima ndani yake. Mashine ilikuwa imechukuliwa, na kile kilichokuwa kikimbeba kilikuwa palepale. Alasiri sakafu ilimtetemesha nyayo kwa namna asiyoipenda. Aliinuka, akazunguka mpaka mbele ya macho ya msagaji mpya, akapunga mkono, akaonyesha mkanda. Msagaji mpya alikuwa hajasikia kitu. Alizima mota, akatazama, kisha akamtazama yeye, na wote wawili wakacheka.

Alfajiri iliyofuata alipiga magoti, uso ukielekea ukuta. Aliona haya kidogo. Mambo yake mwenyewe, yale ya ndani, aliyasema kwanza, midomo imefungwa kabisa, kiganja juu yake kuhakikisha. Kisha akafungua kinywa na kuanza na mlango wa kwanza. Alimwombea mama wa chumba cha mbele, safari hii kwa maneno mazuri zaidi. Alimwombea msagaji mpya. Alimwombea wifi kwa jina ambalo mumewe alikuwa akimwita dada yake utotoni. Alimwombea Fundi Saa na mikono yake, na ulimi wake pia, maana shubiri bado ilikuwamo.

Alipofika kwenye Amina aliweka kiganja ukutani, kama alivyokuwa akikiweka ubavuni mwa mashine. Ukuta ulikuwa wa baridi. Halafu, kutoka upande wa pili, ukampiga kiganjani mara moja, pigo la mkono unaotetemeka. Na baada yake, kwa mbali zaidi, likaja pigo jingine, la ukuta wa chumba cha pili.